Kikoa cha Kwaya Kimechukuliwa na Watu wa Kamari, Lawama Zote Zangu

Shikamoo Mjomba,

Nimeona ukiwajibu watu wenye kompyuta zilizogoma na simu zilizojaa. Langu ni la tovuti, na wiki ya tatu hii nalibeba bila kumwambia mtu.

Mimi si fundi wa kusomea. Kutengeneza tovuti nilijifunza mwenyewe, usiku usiku, kwa kuchungulia msimbo wa kurasa za wenzangu na kuuliza maswali hadi watu wakanichoka. Miaka mitano iliyopita mwenyekiti wa kwaya yetu aliniomba niwatengenezee tovuti ndogo: historia ya kwaya, ratiba ya mazoezi, picha, na namna ya kutualika. Niliimaliza kwa wikiendi mbili, ikapendeza, nikapigiwa makofi mbele ya watu. Makofi yale ndiyo yaliyoniponza. Tangu hapo nimetengeneza ya chama cha tuliosoma pamoja, ya rafiki yangu mpiga picha, ya mwalimu wa hisabati anayefundisha jioni, na ya shemeji yangu seremala. Ukijumlisha na yangu mwenyewe, ambayo tangu izaliwe ina bango moja tu, "Tovuti hii inajengwa", ni sita.

Mwezi uliopita mwimbaji mmoja alinipigia akaniuliza, "Mbona tovuti yetu inachezesha kamari?" Nilicheka. Kisha nikaifungua. Juu kabisa jina la kwaya bado lipo kwenye anwani, chini yake gurudumu linazunguka na sarafu zinamwagika. Nilipofuatilia nikagundua kikoa, yaani lile jina la anwani ya tovuti, kilisajiliwa kwa baruapepe ya katibu wa zamani, ambaye aliacha kwaya miaka miwili iliyopita. Kadi ya mweka hazina iliyokuwa ikikilipia ilishaisha muda. Tovuti ikazimika, na kwa kuwa hatukuwa na maonyesho kipindi kile, hakuna aliyeshtuka mpaka mtu mwingine alipokinunua. Mwenyekiti akaandika kwenye kundi la kwaya, watu wote wakiona: "Fundi wetu atatueleza."

Wakati huohuo, ukitafuta jina la yule rafiki yangu mpiga picha mtandaoni, unaletewa kurasa za kuuza vidonge, kwa lugha asiyoijua, zote zikiwa ndani ya tovuti yake. Nimezifuta mara mbili, zimerudi mara mbili. Mwalimu naye anataka jukwaa la wanafunzi kujadiliana, sehemu ya malipo, na vipindi vya video. Shemeji hadai kitu, ila tovuti yake inafunguka kwa kujikokota, na anasema siku hizi hata oda haziji. Ile ya chama haijaguswa miaka mitatu.

Kuna kijana ofisini kwetu aliyebobea kwenye mambo haya. Anasema shida yangu ni zana za kizamani, nizitupe zote sita nizijenge upya kwa mfumo wa kisasa, na yuko tayari kunisaidia. Karibu nikubali. Upande mwingine nafikiria kuwaambia wote watafute fundi mwingine, maana kwa kuzitunza hakuna anayenilipa. Nakala ya tovuti ya kwaya ninayo, ya mwaka juzi, nadhani.

Nijenge upya au niache? Na mwenyekiti nimjibu nini?

Fundi wa Wote

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nitaanza na ambalo hukuuliza, kwa sababu ndilo lisilosubiri. Je, kwaya ilikuwa na anwani za baruapepe zenye jina la kikoa kile, labda ya katibu, ya mwenyekiti, au ya mialiko? Kama zilikuwepo, aliyenunua kikoa amezinunua pamoja nacho. Barua za zamani hazipati, lakini kila inayotumwa leo anaweza kuipokea. Akienda kwenye akaunti ya video za kwaya, au pale mnapohifadhi picha, akabonyeza "nimesahau nenosiri", kiungo cha kuweka jipya kitamfikia yeye. Leo usiku kaa na mwenyekiti na mweka hazina, mkumbuke kila akaunti iliyofunguliwa kwa anwani hizo, mkaibadilishe moja baada ya nyingine, mkianza na yoyote inayogusa hela. Lile gurudumu linawaaibisha tu. Hili linaweza kuwaibia.

Sasa kikoa chenyewe. Kama kilikuwa cha aina ya .com na ndugu zake, hakikupotea usiku mmoja. Kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, zinamtaka msajili (kampuni mliyonunulia kikoa) atume ukumbusho mwezi mmoja hivi kabla ya tarehe ya mwisho, atume tena wiki moja hivi kabla, na mwingine ndani ya siku 5 baada ya muda kuisha. Baada ya hapo wasajili wengi humpa mwenye kikoa muda wa kulipa akichelewa, unaoweza kufika siku 45. Kikifutwa, kuna siku 30 za kukikomboa kwa gharama kubwa zaidi, halafu siku 5 za mwisho kabla hakijawa cha yeyote. Kuna wasajili wanaokipeleka mnadani mapema kuliko hapo, na vikoa vya nchi vina taratibu zake, lakini sura ya jambo ni hiyohiyo. Mlionywa mara tatu. Barua zilifika salama kwenye sanduku la mtu asiye na sababu tena ya kuzisoma.

Kukirudisha? Upo utaratibu wa kimataifa wa migogoro ya vikoa, UDRP, tangu 1999, ila umejengwa juu ya alama za biashara. Kwaya isiyo na alama iliyosajiliwa wala inayoweza kuthibitishwa itatumia fedha nyingi kwa matumaini madogo. Na usimwandikie mmiliki mpya, si kwa ukali wala kwa kubembeleza. Ukimwonyesha kiu yako, bei itapanda. Maji yakimwagika hayazoleki. Chagueni jina jipya, kisha waombeni wote wenye kiungo cha zamani kwenye kurasa zao wakibadilishe, la sivyo wataendelea kuwapelekea watu wa kamari wageni wenu.

Umesema nakala unayo, "nadhani". Hilo neno limenikumbusha usiku wangu mmoja. Nilikuwa na programu ndogo iliyochukua nakala ya hifadhidata ya mteja kila saa nane za usiku, ikaibana, ikaipa jina la tarehe, ikaiweka kwenye folda. Kila mara nilipochungulia niliona faili zimepangana vizuri, usiku baada ya usiku, nikatabasamu nikaenda kulala. Siku seva ilipokufa nikafungua la mwisho: baiti 20. La juzi yake: baiti 20. Nikarudi nyuma miezi kumi na moja, yote baiti 20. Kumbe nilibadilisha nenosiri la hifadhidata nikasahau kuiambia ile programu. Kila usiku ilikuwa inakataliwa mlangoni, inapewa utupu, inaubana huo utupu kwa uaminifu kabisa, na bahasha tupu ya faili lililobanwa ina uzito wa baiti 20. Sikuwahi kutazama safu ya ukubwa. Hata siku moja.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mwenyekiti kwamba nakala ipo, ifungue. Iweke kwenye kompyuta yako, ukurasa wa kwanza ufunguke, picha zionekane. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni hadithi tu. Na isikae mahali pamoja na tovuti yenyewe. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja waliopoteza tovuti na nakala zake kwa mpigo, kwa sababu vyote vilikuwa chini ya paa moja. Ikitokea yako ni ya baiti 20 kama zangu, nenda Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani. Hiyo imekuwa wazi kwa umma tangu 2001, na mara nyingi utakuta kurasa zako humo, maandishi yakiwa salama na picha zikiwa na mapengo.

Tuje kwenye lawama. Mwenyekiti anakuonea, lakini si kwa yote. Kusahau tarehe si kosa lako; hukuwa na namna ya kuikumbuka, barua hazikuja kwako. Ulipokosea ni pale ulipokabidhi tovuti bila kukabidhi funguo. Uliwaonyesha ukurasa, wakapiga makofi, ukaondoka. Hakuna aliyeandikiwa kwamba kikoa kimesajiliwa wapi, kwa jina la nani, kinaisha lini, kinalipiwa na kadi ipi, na barua zake zinakwenda kwa nani. Kwa kuwa haikuandikwa popote, ikabaki kichwani mwako, na watu wakazoea kwamba kichwa chako ndiyo ofisi ya kwaya. Katika miaka yangu ya kazi hii nimeona tovuti ndogo nyingi zikifa, na zilizokufa kwa msimbo mbaya ni chache sana. Nyingi zimeuawa na kadi iliyoisha muda, au na mtu aliyehama na nenosiri lake.

Ndiyo maana nasema hapana kwa kijana wa ofisini. Ana nia njema. Hata mimi niliwahi kuwa yeye. Mwaka mmoja nilihamisha tovuti tano kwenye zana iliyokuwa ikisifiwa na kila mtu. Zilikuwa nyepesi, zinang'aa, nikajiona bingwa. Miaka mitatu baadaye mteja akaomba nibadilishe tarakimu mbili za namba ya simu. Nikafungua mradi, zana ikakataa kufanya kazi kwenye kompyuta yangu mpya. Ikataka toleo jipya la kitu fulani, toleo jipya likagombana na kitu kingine, hicho nacho kilikuwa kimeachwa na aliyekitengeneza. Nilianza asubuhi ya Jumamosi nikamaliza taa zikiwa zimewashwa. Tarakimu mbili! Tangu siku hiyo, nikionyeshwa zana mpya siulizi inaweza nini. Nauliza kama nitaweza kubadilisha namba ya simu baada ya miaka mitano.

Na si zana changa tu. Toleo la 7.0 la PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi kwenye seva, lilipotoka Desemba 2015 liliondoa kabisa njia ya zamani ya kuzungumza na hifadhidata ya MySQL, na tovuti nyingi ndogo zilizokuwa zikienda vizuri zikawa kurasa nyeupe siku mwenye seva alipopandisha toleo. Waliojenga kwa Flash, zana ya zamani ya picha zinazosogea, walifungiwa mlango mwisho wa 2020. Lakini ile tovuti ya kwanza ya Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kazi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, nakala yake ipo mtandaoni na simu yako itaifungua bila kunung'unika, kwa sababu ni HTML tu, maandishi na viungo.

Tovuti ya kwaya ni kurasa nne. Ziandike kama faili nne za HTML, bila hifadhidata, bila mahali pa kuingilia kwa nenosiri, bila kitu cha kusasisha. Mdukuzi atakosa pa kushika, na atakayekurithi ataelewa kila kitu kwa kulifungua faili. Ratiba ya mazoezi usiirudishe. Najua wataidai. Waulize nani ataibadilisha kila wiki, na kama hawakupi jina la mtu, iache ibaki kwenye kundi lenu la simu ambako wanaiangalia kila siku. Ratiba iliyopitwa na wakati inamtoa mtu nyumbani kwake bure. Hivyohivyo ile sehemu ya "Habari Mpya": ikiwa habari ya juu ni ya miaka minne iliyopita, mgeni anadhani kwaya ilishavunjika.

Ya mpiga picha ndiyo utakayoijenga upya kweli, lakini kwa sababu nyingine. Unafuta kurasa za vidonge, zinarudi. Unadeki huku bomba linavuja. Ingia kwenye folda ya picha zilizopakiwa, chagua mwaka na mwezi wowote wa nyuma, uzipange faili kwa aina. Humo panatakiwa pawe na picha basi. Katikati ya .jpg mia mbili ukikuta moja linaloishia na .php, umempata mgeni wako. Litakuwa na jina la kawaida kabisa, na ukilifungua utaona mstari mmoja mrefu wa herufi zisizosomeka. Usifurahi ukalifuta ukadhani umemaliza. Mwenye kuacha mlango mmoja wa nyuma huacha na wa pili.

Usiisafishe, anza upya. Pakua mfumo mpya kutoka kwenye chanzo chake chenyewe, rudisha maandishi na picha peke yake, badilisha maneno siri yote pamoja na la hifadhidata, na utazame orodha ya wasimamizi kama kuna jina usilolijua. Kisha hesabu plagini, vile vipande vya kuuongezea mfumo uwezo. Kama mfumo huo ni WordPress, nami naamini ndiyo, mfumo wenyewe umekuwa ukijisasisha kwa marekebisho madogo ya usalama tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013. Mlango mara nyingi ni plagini, hasa ile uliyoijaribu siku moja, ukaizima, ukaisahau. Kuizima hakutoshi, faili zake bado zimo kwenye seva na mtu wa nje anaweza kuziita. Ifute. Mpiga picha hahitaji plagini ishirini na mbili. (Nimekisia idadi, lakini nenda kahesabu uone kama nimekosea sana.)

Ukiijenga, anwani za kurasa zake za kweli zibaki zilezile. Berners-Lee alilisema hili tangu 1998, kwamba anwani nzuri haibadiliki, na bado kila anayejenga upya huvunja viungo vyote kwa sababu mfumo mpya unapanga majina yake kivyake. Ambayo haina budi ibadilike, iwekee elekezo la kudumu la 301, linalompeleka mgeni kwenye anwani mpya. Zile za vidonge zijibu 404 (haipo) au 410 (imeondolewa), na injini za utafutaji zitaziondoa zenyewe polepole. Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, itakuonyesha zilizobaki. Mwambie rafiki yako itachukua wiki kadhaa, asije akakupigia kila asubuhi.

Kwa shemeji kazi ni ya nusu saa. Bila shaka amepakia picha za meza na makabati zilivyotoka kwenye simu. Picha moja ya simu ina megabaiti nne au tano, na zikiwa kumi na tano kwenye ukurasa wa mbele, unamtaka mteja apakue zaidi ya megabaiti 60 ili aone kabati. Zipunguze upana hadi pikseli 1,600, nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 400, na hakuna jicho litakalolalamika. Ukiwa hapo, jaza fomu yake ya oda kama mteja, uone kama barua inamfikia. Nina wasiwasi nayo, kwa jinsi ulivyosema oda haziji. Fomu nyingi za zamani hutuma ujumbe kana kwamba umetoka kwa mteja mwenyewe, kwa anwani yake, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti ya kuthibitisha mtumaji. Barua ya namna hiyo hutupwa kwenye taka, au haifiki kabisa, huku ukurasa ukimwambia mteja "Asante, tumepokea". Rekebisha fomu itume kwa anwani ya tovuti yenyewe, anwani ya mteja iwe ya kujibia tu. Nisingeshangaa kama shemeji ana miezi anangojea oda zilizokwishatumwa.

Vyeti vya usalama navyo, vile vinavyokifanya kivinjari kiiamini tovuti, kwa kifupi. Kama unavihuisha kwa mkono, acha. Vya Let's Encrypt, wanaovitoa bure, vimekuwa vya siku 90, na wakubwa wa vyeti na vivinjari walishapiga kura Aprili 2025 kwamba ifikapo Machi 2029 hakuna cheti cha umma kitakachozidi siku 47. Mkono wako hautaweza. Acha seva ijihuishe yenyewe, halafu tafuta huduma ya nje ya kuzichungulia tovuti zote na kukupigia kelele moja ikianguka au cheti kikikaribia kuisha. Let's Encrypt walikuwa wakituma barua za kukumbusha. Waliacha Juni 2025.

Mwalimu mwambie hapana. Mwambie kwa upole, lakini neno lenyewe litamke. Jukwaa linataka mtu wa kulilinda kila siku, ama sivyo mwezi wa pili litakuwa limejaa watu wa vidonge walewale. Malipo yanakuja na sheria, na wanafunzi wake wengine ni watoto, ambao majina na maneno siri yao utakuwa unayashikilia wewe, mtu wa wikiendi. Vipindi vya video vina huduma zake tayari. Mpe ukurasa mmoja wenye masomo yake, saa zake, na kiungo cha kujiandikisha kwenye huduma ya watu wanaolala macho kwa kazi hiyo.

Ile ya chama isiyoguswa miaka mitatu, pendekeza ifungwe. Ichukulie nakala, mpe kila kiongozi nakala yake, ukurasa wa mbele ubaki na sentensi mbili za kwaheri na namna ya kuwapata. Lakini kikoa chake kilipieni mwaka mmoja au miwili zaidi. Umeshaona wanaokuja jina likiachwa wazi.

Usiache kazi, basi. Punguza unachobeba. Kwa kila tovuti inayobaki andika karatasi moja: kikoa kiko kwa msajili gani, kinaisha lini, nani analipa, barua zinakwenda kwa nani, seva iko wapi, nakala iko wapi na lini mara ya mwisho ilirudishwa ikafunguka. Maneno siri usiyaandike humo, andika yanatunzwa na nani. Mpe mwenye tovuti, abaki nayo. Kisha chagua siku moja kwa mwaka ya kuzizungukia zote, uwaambie mapema kwamba siku hiyo ndiyo yao. Anayetaka zaidi ya hapo alipe, na bei uitaje kabla ya kazi, usisubiri makofi.

Mwenyekiti usimjibu kwenye kundi. Mpigie au mfuate kwanza, halafu mwandikie ili pawe na kumbukumbu. Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Mwenyekiti, shikamoo. Kikoa chetu kiliisha muda, mtu mwingine akakinunua. Barua za kukilipia zilikuwa zikienda kwa katibu wa zamani, nami sikuhakikisha zimehamishwa, kwa hilo naomba radhi. Kukirudisha si rahisi. Naomba kamati ichague jina jipya, lisajiliwe kwa jina la kwaya, kwa baruapepe ambayo watu wawili wa kamati wanaifungua, na lilipiwe miaka kadhaa kwa pamoja. Kurasa nitazitengeneza ndani ya wiki mbili. Kulipia na kufuatilia tarehe itakuwa kazi ya kamati, nitawaonyesha namna." Vikoa vya .com vinaweza kulipiwa hadi miaka 10 mbele, kwa hiyo wachange mara moja wapumzike. Na hiyo baruapepe ya watu wawili isiwe ya kikoa chenyewe. Kikoa kikizimika, barua ya kukuokoa itakuwa imefungiwa ndani.

Ya sita, ile yako iliyo na bango. Ling'oe. Andika jina lako, unachofanya, na namna ya kukupata, mistari mitatu inatosha. Yangu ina minne, na juzi nimegundua namba ya simu iliyomo niliiacha zamani.

Mjomba